Kantata na Kibuyu cha Bibi Aikaruwa

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye sherehe ya kipaimara Bomang'ombe, nikaketishwa meza moja na mama wa makamo ambaye alinitazama muda mrefu kabla ya kugusa chakula chake. Sikumtambua. Kisha alinyoosha mkono wa kulia, akaukunja kama mtu aliyeshika kibuyu, akaanza kuutikisa taratibu mbele yangu huku midomo yake ikihesabu bila sauti. Alipofika nane akainua nyusi. Nilicheka mpaka soda ikanipalia. Alikuwa Ndeonasia, kiongozi wa sauti ya kwanza katika kwaya tuliyoimba pamoja ujanani, na hatukuwa tumeonana tangu alipoolewa akahamia Tarakea, ambako mpaka leo anafanya biashara ya mpakani. Vijana waliokaa nasi walitaka kujua wazee hawa wanacheka nini. Tulijaribu kueleza kwa zamu, kila mmoja akianzia mahali tofauti, mpaka wote wakarudi kwenye simu zao. Nilipofika nyumbani nilichukua daftari, nikapanga mambo yale mwezi kwa mwezi. Sura hii imetoka katika daftari hilo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Siku za kazi nilikuwa Pasua, mjini Moshi, nikijifunza ufundi wa kutengeneza cherehani kwenye kibanda cha fundi mmoja mkimya, na kila Ijumaa nilipanda mlimani, upande wa Machame, kwa ajili ya mazoezi ya kwaya ya Jumamosi. Nilipewa chumba nyuma ya nyumba ya Mwalimu Anaeli, aliyeongoza kwaya yetu tangu kabla sijazaliwa. Kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha moja lililotazama migomba, na meza iliyotengenezwa kwa ubao mweusi wa darasani, ambao Mwalimu alipewa siku alipostaafu kufundisha shule ya msingi. Ukiandika juu ya meza ile wakati wa mvua, chaki ya zamani ilikuchafua viwiko. Huko ndiko nilikosoma kitabu changu cha muziki, kitabu kichakavu kisicho na jalada nilichokipata kwa muuza vitabu vya mitumba mjini Moshi. Sikuwa na mwalimu wa somo hilo. Nilikuwa na desturi, ambayo bado ninayo, ya kutofungua sura ya pili kabla sijaweza kuieleza ya kwanza kwa maneno yangu mwenyewe, kwa hiyo baada ya miezi mitano nilikuwa katika sura ya tatu.

Msomaji asiyejua kwaya za mlimani lazima aelewe jambo moja. Sisi tuliimba kwa nota za sol-fa, yaani kwa herufi: d kwa do, r kwa re, na kuendelea, zikitenganishwa na nukta zinazoonyesha mapigo. Mwalimu aliziandika ubaoni na watu wazima arobaini, wengi wao wakulima wa kahawa, walizisoma kwa kasi ya mtu anayesoma bei sokoni. Nota za mistari, zile za vichwa vyeusi vinavyopanda na kushuka juu ya mistari mitano, hakuna aliyezijua. Kwa hiyo Mwalimu Anaeli alipotoa kabatini kitabu kikubwa alichoachiwa na mgeni kutoka Ujerumani, na kunionyesha kuwa chote kimeandikwa kwa nota za mistari, aliniuliza swali la kawaida tu: kama kile kitabu changu cha mitumba kinafundisha kusoma vitu hivi. Nilimwambia ninajua kuvisoma. Ukweli ni kwamba nilijua majina ya mistari mitano na nafasi nne zilizo kati yake.

Kilikuwa kitabu cha kantata. Kantata ni ibada ndogo ndani ya ibada: kwaya, ala na waimbaji wachache huuchukua wimbo mmoja wa kanisa na kuukalia kwa nusu saa, wakiutafakari ubeti kwa ubeti. Hii iliandikwa karibu miaka mia tatu iliyopita, na wimbo wake ulikuwamo katika kitabu chetu cha nyimbo za Kilutheri; kila msharika aliujua kwa moyo, watoto hata kabla ya kuota meno ya mbele. Katika sehemu ya kwanza sauti ya kwanza ilipewa wimbo wenyewe, mstari mmoja mmoja, kwa nota ndefu. Baada ya kila mstari ilinyamaza, na wakati huo sauti nyingine na ala ziliendelea kuhangaika chini yake. Mwalimu aliimba ule mstari wa juu polepole, kidole chake kikifuata vichwa vyeusi, akanitazama kama mtu aliyemkuta ndugu yake katika nchi ya mbali.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nikipanga viti katika ofisi ya usharika wakati baraza la wazee wa kanisa lilikuwa likikutana chumba cha pili. Ukuta ulikuwa wa mbao. Mzee Elinami, mwenyekiti wa baraza, alikuwa akieleza kwa upole kwamba kwaya imechoka, kwamba vijana wanataka kinanda cha umeme, na kwamba kuna mwalimu wa muziki mjini aliye tayari kuichukua. Alikuwa mtu mwema aliyependa mambo yaishe mapema. Kanisani alikaa benchi la mbele na hakuimba kamwe. Alisema sauti yake aliimaliza kuita ng'ombe. Mwalimu Anaeli aliomba apewe mpaka Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa, mwishoni mwa Oktoba. Siku hiyo kwaya ingeimba kantata. Ikiharibika, alisema, kijiti cha kuongozea angekikabidhi mwenyewe, palepale mbele ya madhabahu, wasipate shida ya kumwandikia barua. Mtu mmoja aliuliza ni nani atakayeisoma hiyo kantata. Nikasikia jina langu.

Mvua za masika zilinikuta kwenye ile meza ya ubao. Nilinunua karatasi za manila na kalamu ya wino mzito, nikaanza kugeuza vichwa vyeusi kuwa herufi, sauti moja baada ya nyingine, nikihakikisha kila mstari kwenye kinanda cha kukanyaga cha kanisani, ambacho nota zake mbili zilikuwa bubu. Mke wa Mwalimu, Mama Ndeshi, aliniletea kiburu, yaani ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, na kila alipoweka sahani alisimama akitazama herufi zile kama mtu anayetazama mtoto wa jirani akipanda juu ya paa. Kwa wiki tatu niliiandika sauti ya tatu yote kimakosa, kwa sababu alama ya mwanzo wa mstari wake ilikuwa tofauti na nyingine nami nikaidhani ni pambo. Wanaume waliiimba kama ilivyoandikwa, kwa utii mkubwa. Ilisikika kama ng'ombe wawili waliofungwa kamba moja. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akasema huenda Mjerumani huyu siku hiyo alikuwa na maumivu ya jino, lakini kabla ya kumlaumu nikaangalie tena. Nilirudi kwenye sura ya tatu ya kitabu changu. Alama ile ilikuwa imeelezwa katika ukurasa ambao niliuruka kwa sababu ulikuwa na doa la chai.

Kuanzia Juni manila zilitundikwa ukutani na kwaya nzima ikaanza kujifunza. Watu walikuja na vidole vyeusi vya utomvu wa kahawa. Matarumbeta matano ya usharika yalipewa kazi ya ala zote, na kinanda kikajaza kilichobaki. Tatizo halikuwa kuimba. Tatizo lilikuwa kunyamaza. Katika sol-fa mapumziko ni nafasi tupu kati ya nukta, na mimi niliandika nafasi tupu ishirini na nne baada ya kila mstari wa sauti ya kwanza. Wanawake wale hawakuwahi kuona manila ya namna hiyo. Ndeonasia, aliyekuwa na ulimi kama upupu, aliniita Profesa na kuwaambia wenzake kwamba usharika umenunua wino ili Profesa awaandikie kimya. Mwingine aliuliza kama wanaweza kwenda kuangalia sufuria na kurudi. Lakini walijifunza kuhesabu, na mwezi wa Septemba waliweza kuingia kila mara mahali pake, wote kumi na wanne kwa pumzi moja. Niliandika katika daftari kwamba kazi imekamilika. Nilikuwa nimehesabu kila kitu kilichokuwa ndani ya kitabu.

Jumamosi ya katikati ya Oktoba tulifanya mazoezi kanisani kwa mara ya kwanza, na siku hiyo ilikuwa zamu ya wanawake wa mtaa wa juu kufagia na kupanga maua. Kati yao alikuwamo Bibi Aikaruwa. Alikuwa na miaka inayokaribia themanini, na kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote ndiye aliyekuwa mwanzilishi wa nyimbo. Usharika wetu haukuanza wimbo kwa kinanda. Ulianza kwa Bibi Aikaruwa. Alikaa benchi la tatu upande wa wanawake, mchungaji alitaja namba, yeye akatoa neno la kwanza na watu mia sita wakamfuata kwa mwendo aliouchagua yeye. Tulipoanza, matarumbeta yalicheza utangulizi, kisha sauti ya kwanza ikaingia na mstari wa kwanza. Mafagio yakasimama. Wanawake waliutambua wimbo wao na wakauimba, jambo ambalo hata sasa sioni ni kosa. Mstari ulipoisha, sauti ya kwanza ikanyamaza kama ilivyofundishwa. Bibi Aikaruwa hakunyamaza. Aliingia mstari wa pili, na wenzake wote nyuma yake, wakapita katikati ya matarumbeta na besi kama gari la kahawa lisilo na breki. Kwaya ilihesabu mpaka nane, ikachanganyikiwa, ikaacha. Wanawake walimaliza ubeti mzima, wakatupongeza kwa wimbo mzuri, wakaendelea kufagia.

Siku hizi kantata ile ninayo katika simu. Imeimbwa na watu wa Ulaya, kwa usafi ambao sisi tusingeufikia hata kwa miaka kumi, na mapumziko yale ni mafupi kuliko tulivyoyafanya. Ninaisikiliza nikifungua cherehani za watu, na kila mara baada ya mstari wa kwanza mkono wangu husimama. Wale hawahitaji kuogopa. Wasikilizaji wao wamekaa kimya kwenye viti. Sisi tulikuwa na wiki mbili, na watu mia sita ambao katika maisha yao hawakuwahi kusikiliza wimbo wa kanisa wakiwa wamefunga mdomo.

Nilimwambia Mwalimu kwamba dawa ni rahisi: mchungaji atangaze kabla ya kuanza kwamba washarika wasiimbe. Tulikuwa tumekaa jikoni kwake, Mama Ndeshi akimenya ndizi. Mwalimu aliendelea kunywa chai yake mpaka ikafika majani.

"Baraza likitaka kijiti changu nitawapa," alisema. "Lakini siwezi kumwambia Bibi Aikaruwa anyamaze wimbo huu unapoimbwa. Afadhali tusiuimbe."

Mama Ndeshi, bila kuinua macho, alisema kama ng'ombe mmoja tu ndiye anayeongoza kundi, kwa nini mnataka kufunga zizi zima. Nendeni mkaongee naye. Mwalimu akasema yeye hawezi, kwa sababu Bibi Aikaruwa alimfundisha shule ya Jumapili alipokuwa mtoto na bado humwita Anaeli mchafu. Kwa hiyo nilikwenda mimi.

Nilimkuta jikoni, moshi ukitoka kwenye paa, kahawa ikikauka juu ya chanja nje. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na kibuyu cha maziwa mapajani, akikitikisa kutoa siagi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikalisha juu ya gunia, akanipa kikombe cha maziwa ya mgando bila kuacha kutikisa kwa mkono mwingine. Nilikuwa nimeandaa maelezo yenye hatua nne. Alinisikiliza hadi hatua ya pili. Kisha alisema, "Wimbo huu nimeuimba tangu baba yako hajaota meno. Haujasimama njiani hata siku moja. Wewe unataka usimame, kwani wimbo una ugonjwa gani?"

Nilijaribu tena. Nilisema kwamba waimbaji wa sauti nyingine na wapiga matarumbeta wanahitaji nafasi. Akauliza wanafanya nini humo. Nilimwambia kwamba wanaposikia mstari aliouimba yeye, wanabaki wakiuzungumzia.

"Wanazungumzia mstari wangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi hilo ungeanza nalo. Si adabu kuondoka watu wakizungumza habari zako."

Lakini hakujua kuhesabu mapigo na hakutaka kujua. Alisema hesabu ni za watu wa chama cha ushirika. Alinitaka nimwimbie hayo mazungumzo, nami nikaimba besi, vibaya, kisha tarumbeta, vibaya zaidi, naye akaendelea na kibuyu chake. Ndipo nilipoona. Mkono wake ulikuwa ukienda na kurudi kwa mwendo usiobadilika hata kidogo, mwendo wa mtu aliyetoa siagi miaka sitini, na mapigo yangu matatu yalikaa sawasawa ndani ya mtikiso mmoja. Ishirini na manne gawanya kwa tatu. Nilimwomba aimbe mstari wa kwanza, atikise mara nane, aimbe wa pili. Mara ya kwanza alitikisa sita akakosa uvumilivu. Mara ya pili alinitazama usoni akisubiri ishara. Mara ya tatu alifumba macho, akaimba, akatikisa huku nikihangaika na besi yangu, na alipoingia mstari wa pili sikuwa nimebakiwa na nafasi tupu hata moja. Nilirudi kwake kila siku nilipoweza kupanda, na fundi wangu wa Pasua akaanza kuuliza kama nimepata mchumba Machame.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Wageni walikaa mbele, na Mzee Elinami kando yao, mikono juu ya magoti, sura ya mtu aliyekuja kushuhudia mkataba. Mwalimu Anaeli alivaa suti yake ya kahawia na kuinua kijiti. Mimi nilisimama mwisho wa mstari wa besi, mahali ninapoweza kuona benchi la tatu. Matarumbeta yalianza. Sauti ya kwanza ikaingia, na pamoja nayo kanisa lote, sauti nzito iliyofanya vioo vitetemeke. Mstari ukaisha. Bibi Aikaruwa alifunga mdomo, akaweka mkono wa kulia juu ya mapaja na kuanza kukitikisa kibuyu ambacho hakikuwapo. Watu mia sita walivuta pumzi waingie mstari wa pili, hawakusikia neno la kwanza kutoka mahali walipozoea kulisikia, wakabaki na pumzi zao vifuani. Chini ya kimya hicho besi zilisikika, na matarumbeta juu yake. Mtikiso wa nane, akaingia. Wote wakaingia.

Alikuwa amewafundisha wenzake. Hilo sikulijua. Katika mapumziko ya pili wanawake wote wa benchi la tatu walikuwa wakitikisa vibuyu, na katika ya tatu benchi la nne na la tano walishaiga, wanawake watu wazima wenye vitambaa vyeupe, nyuso za ibada kabisa, mikono ikienda na kurudi pamoja. Mgeni mmoja alimwinamia mwenzake. Na hapo Ndeonasia akawaona. Nilimwona akibana midomo, mabega yakaanza kutetemeka, na cheko likapita katika sauti ya kwanza kama upepo kwenye mahindi. Hakuna aliyekuwa akihesabu tena. Walinitazama mimi. Mimi nilikuwa nikiwatazama wao, na nikagundua kwamba nami nimepoteza hesabu. Mwalimu alikuwa na kijiti hewani na macho ya mtu anayeteleza kwenye tope la mlima. Matarumbeta yalikaribia mwisho wao. Sauti ya kwanza, iliyofanya mazoezi ya kimya hiki kwa miezi mitano, ilikaa na midomo wazi, tupu.

Bibi Aikaruwa alitikisa mara ya nane akaimba. Kanisa likaimba. Ndeonasia na wenzake waliingia neno moja nyuma, wakashika mkia wa mstari, na kuanzia hapo mpaka mwisho hawakuangalia manila wala mimi. Waliangalia benchi la tatu. Sehemu ya pili aliiimba mwanamume mmoja na kinanda, na ilipita salama. Sehemu ya mwisho ni wimbo wenyewe usio na mapumziko, kwa sauti nne, nao ulichukua muda mara mbili ya ulioandikwa kitabuni, kwa sababu ulikuwa mikononi mwa mwenyewe, Bibi Aikaruwa.

Nje, watu walisalimiana kwenye nyasi. Nilisimama nyuma ya Mwalimu Anaeli, nimeviringisha manila zangu kwapani, kwa kuwa nilimwona Mzee Elinami akitushukia kutoka kwenye ngazi za kanisa, na nilitaka nikisemwa nisemwe pamoja naye. Mwalimu alikishika kijiti kwa mikono miwili. Mzee alimpa mkono, akauliza hali ya nyumbani, akauliza mavuno. Sauti yake ilikuwa imekauka, akakohoa mara mbili kuisafisha.

"Mwalimu," alisema, "pale mstari wa nne kwaya ilichelewa. Sisi tulikuwa tumeshaingia."

Mwalimu alikiri kwamba ni kweli, kwaya ilichelewa. Akasema mwakani, kama baraza litapenda, huenda ikafaa wale wa benchi la mbele wafanye mazoezi pamoja na kwaya, ili jambo kama hilo lisitokee tena.

Mzee Elinami alilifikiria hilo, akitazama miguu yake. Kisha akauliza mazoezi huwa ni siku gani.